Mgeni wa Mara ya Tatu

Kama umewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, basi Dumila umeiona hata kama jina hukulishika. Ni pale gari linapopunguza mwendo baada ya Magole, penye njia panda ya kwenda Kilosa, na ghafla madirisha yote yanajaa mikono: nyanya, hoho, mahindi ya kuchoma, mchele kwenye ndoo ndogo. Mimi nilikuwa mmoja wa hiyo mikono. Huenda siku moja ulinunua kwangu nyanya za mia tano, ukawa unadai chenji huku dereva anakanyaga mafuta.

Ungenitazama vizuri ungegundua jambo moja. Kwa muda wa miaka minne, ukiondoa miezi michache nitakayoieleza, nilivaa sketi nyeusi. Jua la Dumila linavyochoma, we acha tu, lakini mimi na sketi nyeusi, na kanga ya rangi ya kiza juu yake. Vijana wa stendi wakanibandika jina: Mjane. Nami nacheka nao, naitika. Hawakujua kwamba nyeusi ndiyo rangi pekee ambayo damu haionekani.

Ndugu msomaji, hasa wewe wa kiume, usifunue ukurasa. Najua mkono umeshaanza kuwasha. Una mama, una dada, na Mungu akipenda utakuwa na mke. Haya ninayoyaandika yangeniokolea miaka minne kama mtu mmoja tu angeyasema mbele yangu kwa sauti.

Nilianza kuugua mwaka 2018, nikiwa na miaka 25, mwaka mmoja baada ya kuolewa. Mwanzoni hata sikuuita ugonjwa. Siku zangu zilikuja na kuisha ya tano, kama kawaida. Halafu siku ya kumi na mbili au kumi na tano nakuta tone. Tone tu. Kesho yake hakuna. Nikasema ni uchovu wa kukimbiza mabasi. Kisha tone likawa matone, siku tano zikawa tisa, na damu ikaanza kutoka kwa mabonge, mpaka nikawa naogopa kuinuka kwenye kiti cha watu.

Nilimwambia shangazi. Shangazi akanitazama, akasema, "Chango hilo, mwanangu. Hata bibi yako alikuwa nalo." Akanipa mizizi ya kuchemsha. Mama mkwe akasikia, sijui kwa nani, na yeye akatoa hukumu yake: kizazi changu ni kichafu, ndiyo maana mwaka umepita hakuna mjukuu. Neno "kichafu" lilinikaa rohoni kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikuwa naoga mara tatu kwa siku kana kwamba uchafu huo ungetoka kwa sabuni.

Basi akapita muuza dawa mmoja na spika yake juu ya gari. Unawajua. "Inasafisha kizazi! Inazibua mirija! Inaondoa uvimbe bila kisu!" Nikatoa shilingi 40,000, mtaji wa matenga yangu ya nyanya, nikapewa chupa mbili za maji ya kahawia. Nilikunywa miezi miwili. Tumbo liliwaka moto, damu ikaendelea kama hakuna aliyeisemesha.

Zahanati nako nilikwenda. Nilipewa vidonge vya maambukizi, mara ya kwanza na mara ya pili. Siwalaumu sana, hawakuwa na mashine ya kuona ndani, na mgonjwa mwenyewe nilikuwa najieleza nusunusu, macho chini. Lakini nesi mmoja, mama wa makamo, alinipandisha kitandani akanipima mlango wa kizazi kwa kuupaka siki. Alinieleza sababu: kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo mwanamke akitoka damu isiyo na mpango, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Alipomaliza akavua glovu, akasema, "Mlango uko salama. Tatizo lako liko ndani ya nyumba. Nenda mjini."

Sikwenda mjini mpaka mwisho wa mwaka 2019. Katika hospitali moja, jina nitalihifadhi, nilifanyiwa kile ambacho sote tunakiita kusafishwa. Kwa wasiojua: daktari anapitisha kifaa mfano wa kijiko chembamba, anakwangua ukuta wa ndani wa kizazi. Haoni anachokwangua, anaongozwa na mkono. Niliamka, nikaambiwa nimepona, nikapewa vidonge, nikarudi Dumila jioni hiyo hiyo. Sikuuliza kilichotolewa ni nini. Sikupewa karatasi. Nami nani wa kuuliza, nilikuwa nimefurahi tu.

Na kweli, miezi minane ilipita mikavu. Nikanunua gauni la njano. Ndugu zangu, sijawahi kupenda nguo kama lile gauni. Vijana wa stendi wakapiga miluzi: "Mjane kaolewa!"

Siku moja ya mwaka 2020, mchana, basi la Mwanza limesimama, nimeinua beseni langu la nyanya dirishani. Mtoto mdogo wa kike, amekaa na mama yake upande ule, akaninyooshea kidole akasema, "Mama, yule dada ameumia." Abiria wote wakageuka. Nami nikageuka nione ni nani aliyeumia. Nilikuwa mimi.

Beseni nililiacha pale pale. Nilitembea kinyumenyume mpaka nyuma ya kibanda cha chipsi. Gauni nililichoma.

Kumbe kusafishwa kule hakukuwa mwisho wa safari. Mwaka 2021, Morogoro mjini, kwa mara ya kwanza nilipigwa altrasaundi ya kuangalia kizazi peke yake. Mpimaji akasema ndani kuna kitu cha milimita 14, akaandika kwenye karatasi neno ambalo sikuwahi kulisikia: polipu. Nililisoma njia nzima, daraja la Wami, Dakawa, Magole, mpaka nashuka. Polipu. Lilikuwa kama jina la mtu wa kigeni aliyehamia kwangu bila hodi.

Nikasafishwa tena, hospitali nyingine, kwa mtindo ule ule wa kukwangua gizani. Safari hii mgeni hakungoja miezi minane. Alirudi baada ya mitano. Na alirudi na hasira. Nilianguka shambani, nikabebwa kwa pikipiki. Wingi wa damu ulikuwa 6.8, mwanamke asiye na mimba anatakiwa walau afike 12. Niliongezewa chupa mbili za damu. Mpaka leo sijui ni damu ya nani. Kama ni yako, msomaji, ahsante.

Nyumbani nako hali haikuwa hali. Mama mkwe alianza kumtajia mume wangu binti mmoja wa Gairo, waziwazi, mimi nikiwa jikoni. Mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki na mtu wa maneno machache, hakujibu ndiyo wala hapana. Alikuwa anafungua na kufunga spana ile ile. Nilimchukia kwa ule ukimya. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hata yeye hakuwa na neno. Nani angempa? Wanaume wa kwetu hufundishwa kufungua injini yoyote, lakini mwili wa mke hufungwa kwa kitambaa na kuitwa "mambo ya kike".

Mama yangu mzazi ndiye aliyenitoa. Aliniona nilivyopauka, akauza magunia manne ya mpunga, akanipa pesa zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. "Nenda Dar." Hakuuliza naumwa nini. Nilimwambia ni tumbo. Akasema, "Haya, tumbo." Likumbuke hilo, msomaji, tutalirudia.

Basi mwaka 2022 nikafika kwa daktari mmoja mwanamke, hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Nilijiandaa kupanda kitandani, lakini yeye akaniambia, "Kaa, dada. Nieleze tangu mwanzo." Nikaeleza. Alinisikiliza bila kuangalia saa. Nilipofika kwenye kusafishwa mara mbili akaniuliza swali moja lililonifanya nione aibu: "Vile vilivyotolewa vilipelekwa maabara? Majibu yako wapi?"

Sikuwa na majibu. Sikujua hata kama kuna majibu.

Akachukua kalamu akanichorea. Ukuta wa ndani wa kizazi, alisema, kila mwezi hujijenga, na mimba isipotunga humomonyoka ukatoka kama hedhi. Polipu ni kipande cha ukuta huo kilichokua kupita kiasi. Wenzake wanatoka, yeye anabaki, ana mshipa wake wa damu. Pengine ana kikonyo kama embe, pengine amekalia kitako. Anaweza kuwa wa milimita chache, anaweza kuwa wa sentimita kadhaa. Homoni ya estrojeni, ile inayoujenga ukuta, ndiyo mbolea yake. Kwa hiyo si uchafu. Alilisema hilo mara mbili: "Dada, si uchafu, na si laana." Nililia pale pale, nikachafua karatasi zake.

Akasema polipu wengi mno si kansa. Wachache katika kila mia ndio huwa nayo, au huwa na seli zilizoanza kuelekea huko, na hatari inapanda kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Lakini huwezi kumjua mbaya kwa macho. Ndiyo maana kila kinachotolewa lazima kipimwe.

"Sasa mbona anarudi?" nikauliza.

Hapo akanipa jibu ambalo mtoto wa mkulima halihitaji kulisikia mara mbili. Anaweza kurudi kwa njia mbili. Ya kwanza, hakutoka wote. Kijiko kinachopita gizani mara nyingi humkosa kabisa, au humkata kichwa na kuacha shina. Ya pili, ametoka kweli, lakini udongo ni ule ule na mbolea ni ile ile, basi anachipua mwingine pembeni. Nikamwambia, "Dokta, hiyo ni ndago." Akacheka, hakuijua. Nikamweleza yale majani yanavyotutesa mashambani kwetu: ukiyafyeka kwa panga shamba linapendeza wiki moja, lakini vile vitunguu vyake viko chini, vinakusubiri ugeuke. Ndago hufukuliwa, na hata ukishafukua, unarudi kutazama shamba.

"Haswa," akasema. "Sasa sisi tutafukua, na tutafukua tukiona."

Kuona huko ni kwa kamera. Ni bomba jembamba linalopitishwa njia ile ile ya uzazi, hakuna kuchanwa tumbo, na kwenye ncha yake kuna mwanga na jicho. Nilidhani ni uvumbuzi wa juzi. La hasha! Daktari aitwaye Pantaleoni alilifanya hilo mwaka 1869. Alipitisha bomba lenye mwanga kwa mama mmoja wa miaka 60 aliyekuwa akitoka damu wakati hedhi ilikwisha koma, akakuta nini? Polipu. Nilipolisoma jambo hili baadaye nilihesabu: miaka 150 kamili kati ya mama yule na mimi niliyekwanguliwa gizani mwaka 2019. Huwa namfikiria yule mama. Jina lake sijaliona popote. Damu yake tu ndiyo iliyoingia kwenye historia.

Nilichomwa dawa ya usingizi, nikaamka, kazi imekwisha. Mchana huo huo nilikunywa uji. Waliwakuta wawili: mmoja katikati, na mwingine amejibanza kwenye kona karibu na mdomo wa mrija, mahali ambapo kijiko kisingefika hata kingekwangua mpaka asubuhi. Wote walikatwa tangu shinani. Baada ya wiki tatu nikapewa karatasi: hakuna seli za kansa. Ile karatasi nimeipiga plastiki kama cheti cha kidato cha nne.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mgeni wangu nilimkaribisha mara mbili kwa ujinga. Mara ya tatu akapata jembe lake.

Sasa nisikudanganye, ndugu msomaji, maana waongo wenye spika wanatosha. Nilimwuliza daktari dawa ya kuzuia asirudi kabisa, akaniambia haipo. Ipo mitego ya kupunguza tu. Wa kwanza ni huo wa kumtoa tangu shinani, huku anaonekana. Wa pili ni mwili wenyewe: uzito ukizidi, mafuta ya mwilini nayo hutengeneza estrojeni, kwa hiyo kupunguza uzito ni kupunguza mbolea, na presha nayo ipimwe, kwa sababu huonekana mara nyingi kwa wenye polipu. Wa tatu ni kitanzi chenye homoni ya kuutuliza ukuta usijengeke ovyo. Hicho kimethibitika zaidi kwa wanawake wanaotumia tamoksifeni baada ya kansa ya matiti, dawa ambayo inaweza kuotesha polipu. Kwa wengine huenda kikasaidia, lakini kwa anayetafuta mtoto kama mimi hakifai, maana hicho ni uzazi wa mpango. Mizizi ya shangazi na maji ya kahawia havimo kwenye orodha.

Tena si kila polipu wa kukimbizwa na kisu. Wadogo, chini ya milimita 10, wasiosumbua, kwa msichana ambaye bado anaona siku zake, pengine huachwa wakiangaliwa, na baadhi hunywea wenyewe. Altrasaundi nzuri ni ile ya siku chache baada ya hedhi kwisha, ukuta ukiwa mwembamba; ukipima mwishoni mwa mwezi ukuta umeshanenepa, na polipu anajificha ndani yake kama mwizi sokoni. Na damu iliyopotea irudishwe. Mimi nilimeza vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu, na chungwa, bila chai, kwa sababu chai huyazuia madini yasiingie mwilini. Kwa mtu wa Dumila kuacha chai asubuhi, hiyo nayo ilikuwa operesheni!

Lakini kuliko vyote, aliniambia ninunue daftari. Niandike siku damu ilipoanza, ilipoisha, nyingi au kidogo, na tone lolote la katikati. "Daftari litamwona kabla yako," alisema. Mimi ambaye nilikuwa naandika hadithi za mapenzi usiku kwa mwanga wa simu, nikitafuta kisa cha kuwaliza watu, nikaanza kuandika kitabu changu cha kwanza cha kweli. Kina namba tupu. Hakuna nilichowahi kukiandika kwa uaminifu kama kile.

Hapa ningemaliza, na ingekuwa hadithi yangu peke yangu. Ila mwaka ule uliofuata, 2023, wakati wa kuvuna mpunga, nilikwenda kukaa kwa mama nimsaidie. Alfajiri moja, bado giza, niliamka nikazunguka nyuma ya nyumba na kitambaa changu mkononi. Zilikuwa siku zangu za kawaida tu, lakini mazoea ni mazoea: vya kwangu nilivianika kabla watu hawajaamka, chini ya kanga kuukuu, visionekane.

Kwenye kamba nikamkuta mama. Naye ana kitambaa mkononi. Naye alikuwa anakifunika na kanga.

Tulisimama tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye banda moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeamka mapema?"

"Mama, hicho nini?"

Akacheka, kicheko cha kunifukuza. "Hedhi imenirudia, mwanangu. Nimekuwa msichana."

Mama yangu huhesabu mambo kwa mafuriko. Januari 2014 maji yaliikata barabara kuu hapa Dumila, magari yakakwama, mashamba yakazama. "Sijaona siku zangu tangu mwaka wa mafuriko," aliwahi kumwambia shangazi mbele yangu. Nikahesabu kwa vidole pale gizani. Miaka tisa. Mwanamke aliyekoma hedhi miaka tisa hana hedhi ya kumrudia. Daktari wangu alikuwa amelisema hilo akinyoosha kidole: baada ya mwaka mzima bila hedhi kwa mtu wa umri huo, hata tone moja si la kungoja.

"Tangu lini, mama?"

Akakung'uta kitambaa. "Miezi mitano."

"Mbona hukuniambia?"

Akanigeukia, na hakuwa akicheka tena. "Na wewe tumbo lako la magunia manne lilikuwa tumbo gani?"

Sikuwa na la kujibu. Kumbe alijua. Alikuwa ameona vitambaa vyangu miaka yote, kama mimi nilivyoshindwa kuviona vya kwake. Nyumba moja, kamba moja, kila mtu na siri ile ile chini ya kanga. Mficha uchi hazai, tunasema, kisha tunawafundisha binti zetu kuficha mpaka kitambaa.

Jua lilipotoka tulikaa jikoni nikamweleza yote. Chango, maji ya kahawia, gauni la njano, kamera. Nilimchorea kwa kijiti kwenye majivu, kama nilivyochorewa. Wiki iliyofuata tulikuwa Dar. Nilimwomba daktari kitu kimoja tu: kitakachotoka kipelekwe maabara. Akaniambia, "Hata usingeniomba."

Walimkuta naye mmoja. Polipu mmoja, wa sentimita 2. Tukangoja majibu. Mimi karatasi yangu niliingoja kwa wiki tatu nikiuza nyanya. Ya mama niliingoja bila kuweza kuhesabu chenji. Ilipokuja, daktari alitusomea taratibu. Ndani ya polipu kulikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Bado si kansa, lakini zimeshika njia ya kwenda huko. Kwa mwanamke wa umri wake, ushauri ulikuwa kizazi kitolewe.

Kingekuwa kimekwanguliwa gizani na vipande vikamwagwa, karatasi hiyo isingekuwepo. Mama angerudi Dumila akaambiwa amepona, kama mimi nilivyoambiwa.

Alikubali bila maneno mengi. Siku ya tatu baada ya upasuaji, nimekaa kando ya kitanda namlisha mtori, akaniuliza, "Hicho kizazi wamekitupa wapi?"

Nikasema sijui, mama.

Akanyamaza kidogo. "Wangeniuliza. Watano mlikaa mle."

Niliweka bakuli chini. Nimeandika hadithi nyingi, nyingine nimezileta kwenye magazeti kama hili, nyingine zimerudishwa. Sijawahi kuandika sentensi kama ile.

Leo mama ni mzima. Anapalilia, anagomba na wachungaji wanaopitisha ng'ombe kwenye mpunga wake, na ameshawaambia wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa habari ya kamba ya nyuma ya nyumba, kwa sauti kubwa, mpaka mwenyekiti akakohoa. Wawili kati yao walikwenda kupima.

Mimi? Mtoto bado. Binti wa Gairo aliolewa na mtu mwingine, namtakia heri. Mume wangu sasa anajua neno polipu. Analitamka kama jina la spea, lakini analitamka, na siku ya kupima hufunga karakana twende wote. Altrasaundi yangu ya mwisho ilikuwa safi. Sitakuambia kwamba hatarudi. Anaweza. Mgeni wa namna hii hajui aibu. Ila akija safari hii atakuta taa inawaka, daftari liko mezani, na jembe liko mlangoni.

Ukipita Dumila, chungulia dirishani. Nimerudi stendi. Vijana bado wananiita Mjane, lakini sasa jina wanaliita kwa kunitania tu, maana gauni nililovaa ni la njano. La pili. Na kitambaa changu, ndugu msomaji, kiko kwenye kamba ya mbele, juani.